Njia ya Tongoni na kiambishi chake

Ramani huonyesha kwamba Kasongo imo katika barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Mbuji-Mayi ikapanda hadi Bukavu na Goma. Kwetu Lusangi sijamsikia mtu akiitaja kwa namba. Njia tunazijua kwa mahali zinakofika, na ninayotaka kuieleza hapa ni fupi sana: ile inayotoka Kasongo ya leo kwenda Tongoni.

Nilianza kuifikiria kazi yangu iliporudi na wino mwekundu. Nilikuwa nimenukuu sentensi niliyoisikia njiani: «Niko naenda ku Tongoni.» Mwalimu alikata ku, akaandika pembeni kwamba -ni yatosha.

Tongoni ndiko ulikokuwa mji wa Kasongo wa zamani, makao ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kisha ya mwanawe Sefu. Jeshi la Dhanis liliuteka tarehe 22 Aprili 1893, wiki saba baada ya kuitwaa Nyangwe. Baadaye mji ulihama, ukaenda na jina lake. Mahali palipoachwa pakahitaji jina jingine.

Tongo ni kiwanja kilichokuwa na makazi na sasa kimehamwa. (Darasani watu hucheka, kwa sababu tongo ni uchafu wa jicho pia, hilo tuliache.) Majirani zetu wa Rwanda wana itongo kwa maana iyo hiyo. Kusini ya Tanga kuna Tongoni nyingine, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na huenda mtu akadai kwamba jina letu lilisafiri na misafara kutoka pwani. Sikatai. Lakini nani angeuita mji wake ulio hai, wenye mashamba na soko, «kwenye mahame»? Liwe lilitoka pwani au lilizaliwa hapa, naliona kuwa jina la baada ya kuhama.

Basi tuitazame ile -ni. Katika Kiswahili chetu cha kila siku husemwa mu shamba, ku soko. Shambani na sokoni ni vya shule na vitabu. Aliyeita mahali pale Tongoni alikuwa na -ni hai kinywani, na walikuwapo wenzake wa kutosha kulishika jina. Historia tulizosomeshwa huwafunga waungwana wa Kasongo mwaka 1893, kama kwamba walitoweka pamoja na bendera. Jina la njia hii linasema walibaki, wakazungumza, wakayatazama mahame yao na kuyataja kwa lugha yao.

Nirudi kwa wino mwekundu. Ikiwa -ni bado inafanya kazi, kweli ku imezidi. Kipimo ni rahisi: msikilize msemaji yule yule akitaja jina lisilo na -ni. Husema «naenda ku Kasongo», «naenda ku Kabambare». Ku haichagui. Kwa hiyo -ni ya Tongoni haihesabiki tena masikioni mwake. Imeganda ndani ya jina, na ku ndiyo inayoonyesha mahali. Wasemaji wa vipindi viwili wamekutana katika maneno mawili, wa kwanza nyuma ya jina, wa leo mbele yake.

Kazi nimeiandika upya. Ku nimeirudisha, na safari hii nimeongeza mifano ya Kasongo na Kabambare chini yake.