SOMO LA KAZI ZA MIKONO: UA DOGO LA KROSHIA, KIPIMO KIMOJA

Katika somo hili tunajifunza kufuma ua dogo lenye petali tano kwa sindano ya kroshia, ambayo wengine wetu tunaiita kroshe. Ni somo la anayeanza kabisa. Ni la akina mama, la vijana wa kike na wa kiume, na la baba yeyote ambaye mikono yake haina kazi mchana.

1. NENO LA MSINGI

Someni nyumbani Kutoka 26:1-6. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, wakiishi katika mahema kama wengi wetu tulivyoishi siku za kwanza za ukimbizi. Mungu alipomwagiza Musa habari za maskani, alitaka mapazia 10 ya kitani. Kila pazia liwe na urefu wa dhiraa 28 na upana wa dhiraa 4, yote kwa kipimo kimoja. Matano yaunganishwe pamoja, na matano mengine vivyo hivyo. Kisha vitanzi 50 vya upande huu vikutanishwe na vitanzi 50 vya upande ule kwa vifungo vya dhahabu, ili maskani iwe moja.

Tuone hapo jambo moja. Mapazia 10 hayakuweza kuwa maskani moja kama kila fundi angejipimia apendavyo. Vitanzi visingekutana. Kwa hiyo hesabu haikuwa jambo dogo mbele za Mungu, hata katika kazi ya kitambaa. Ndiyo maana katika somo hili tutahesabu sana.

2. VITU VYA KUANDAA

(a) Sindano ya kroshia. Kwa uzi wa sweta, sindano ya milimita 3.5 au 4 inafaa. Mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye mpini. Kwa uzi mwembamba wa pamba, tafuta ya milimita 2 au chini yake. Asiye nayo anaweza kuchonga ya mti mgumu, au kusugua spoku ya baiskeli kwenye jiwe mpaka ipate ndoano laini isiyonasa uzi.

(b) Uzi. Msiuze posho ya watoto ili kununua uzi wa kujifunzia. Chukueni sweta kuukuu isiyovalika tena, mkate mshono, mfumue uzi taratibu, kisha muuzungushe kwenye mgongo wa kiti. Uloweke maji, uuache ukauke hapo hapo ukiwa umenyooka. Uzi huo unatosha kabisa kwa anayeanza. Chagueni rangi isiyo nyeusi, maana kwenye rangi nyeusi macho ya mfumo hayaonekani vizuri.

(c) Mkasi au wembe, na sindano ya kushonea yenye tundu kubwa.

3. AINA NNE ZA MACHO

Fanya kwanza fundo la kitanzi linaloweza kukazwa, ulitie kwenye sindano. Shika sindano mkono wa kulia na uzi mkono wa kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto afanye kinyume.

Mnyororo: Zungushia uzi kwenye sindano, uuvute upite ndani ya kitanzi. Hilo ni jicho moja la mnyororo.

Jicho la kuungia: Ingiza sindano kwenye tundu, nasa uzi, uuvute upite kwenye tundu na kwenye kitanzi kilicho juu ya sindano kwa mara moja.

Jicho fupi: Ingiza sindano kwenye tundu, nasa uzi, uutoe. Sasa una vitanzi viwili juu ya sindano. Nasa uzi tena, uuvute upite katika vyote viwili.

Jicho refu: Zungushia uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza. Ingiza, nasa uzi, uutoe. Una vitanzi vitatu. Nasa uzi, upitishe katika viwili vya kwanza. Vimebaki viwili. Nasa tena, upitishe katika hivyo viwili. Kimebaki kimoja.

Fanya mazoezi ya mnyororo mpaka macho yako yalingane. Usikaze sana. Uzi upite kwenye vidole kama maji kwenye mfereji, si kama kamba ya mbuzi.

4. KUFUMA UA

Duara la katikati. Fuma mnyororo wa macho 5. Ingiza sindano kwenye jicho la kwanza kabisa, ufanye jicho la kuungia. Umepata pete ndogo.

Mzunguko wa kwanza. Fuma jicho 1 la mnyororo la kupandia, hilo halihesabiwi. Kisha fuma macho mafupi 10, yote yakiingia katikati ya pete, si kwenye macho ya mnyororo. Ulaze ule mkia wa uzi juu ya pete ili ufunikwe humo. Unga na jicho fupi la kwanza. Sasa simama uhesabu. Yawe 10. Yakiwa 9, petali ya mwisho haitapata mahali pa kukaa. Yakiwa 11, kutabaki pengo.

Mzunguko wa pili, petali. Kila petali inakaa juu ya macho mafupi mawili. Fuma hivi:
– macho 2 ya mnyororo;
– macho marefu 2 ndani ya jicho lile lile ulilosimama;
– macho marefu 2 ndani ya jicho linalofuata;
– macho 2 ya mnyororo;
– jicho la kuungia ndani ya jicho hilo hilo la pili.
Petali moja imekwisha. Fanya jicho la kuungia kwenye jicho linalofuata, kisha rudia yale yale. Macho 10 yakigawanywa kwa mawili, petali ni 5.

Kumalizia. Unga na mwanzo wa mzunguko. Kata uzi ukiacha sentimita 15, uuvute upite kwenye kitanzi cha mwisho, ukaze. Kwa sindano ya kushonea uufiche upande wa nyuma. Ukikata mfupi mno utachomoka siku ya kufua.

5. LIKIHARIBIKA

Ua likijikunja kama kikombe, umekaza mno. Legeza mkono au tumia sindano nene zaidi. Petali zikiwa 4, umeruka macho. Zikiwa 6, pale katikati macho yalizidi 10. Msione aibu kufumua. Mbao ikikatwa vibaya hairudi, lakini uzi ukifumuliwa unarudi kuwa uzi, na unafumwa tena siku hiyo hiyo. Waambieni watoto hivyo wanapoanza kulia.

6. KWA NINI UA MOJA DOGO?

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi vya nchi ya Ireland, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Njaa iliendelea mpaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama hao wakahama nchi. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, mke wa mchungaji, Cassandra Hand, alianzisha mafunzo ya kroshia kwa wanawake wa hapo ili wapate cha kununulia chakula. Wanawake walijifunza kufuma maumbo madogo: huyu waridi, yule jani, mwingine zabibu. Maumbo hayo yaliunganishwa yakawa vitambaa vya thamani, vikauzwa kwa matajiri wa mbali.

Hakuna mwanamke aliyehitaji kumiliki uzi wa kitambaa kizima. Kila mmoja alileta sehemu yake. Sisi nasi tunaweza kufanya hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba kumi, kila nyumba maua 3, ni maua 30. Yapange safu 5 za maua 6, yashone mahali petali zinapogusana, na kitambaa cha meza ndogo kimepatikana. Lakini wote watumie uzi wa unene mmoja, sindano ya namba moja, na hesabu ya 10. Mmoja akiongeza jicho lake, ua lake litakuwa kubwa kuliko mengine na safu itapinda.

7. HESABU YA BEI

Hatuwaambii kwamba ua litajaza sufuria kesho. Tunawaomba mjue bei ya kazi yenu kabla mnunuzi hajawatajia ya kwake. Fuma ua moja, lifumue, upime uzi wake. Tuseme umetumia mita 3, na donge lako lina mita 90: donge hilo litatoa maua 30, yaani kitambaa kimoja. Sasa hesabu muda. Ua moja likikuchukua dakika 10, maua 30 ni dakika 300, ndizo saa 5, bila kuhesabu kuunganisha. Anayeuza kitambaa hicho kwa bei ya donge tu ametoa saa 5 za mwili wake bure, na kesho yake hana faida ya kununulia hata chumvi.

Kikundi kikiuza, andikeni katika daftari kila nyumba imeleta maua mangapi, na fedha zigawanywe kwa hesabu hiyo mbele ya wote. Mjane aliyeleta maua 6 asipokee sawa na aliyeleta 2. Huo nao ni upande wa kipimo kimoja.

8. MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini mapazia yote 10 ya maskani yalitakiwa yawe ya kipimo kimoja?
2. Katika jumuiya yetu ya watu wa makabila na nchi mbalimbali, ni kipimo gani tunachokitumia sote, na ni wapi kila mtu anajipimia chake?
3. Je, kuna jirani asiyetoka nyumbani kwa ugonjwa au huzuni? Nani atampelekea sindano na uzi, akae naye mpaka amalize ua la kwanza?

Kazi ya juma hili: kila nyumba ifume maua 3. Kabla ya kuyaleta, hesabuni petali.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu.