Kusoma Vitabu Usiku: Kishikwambi au Kindle?

Mada yetu safari hii inahusu macho yako na usingizi wako, na swali mmelileta ninyi wenyewe. Tukienda shuleni kuzungumza habari za afya, hatukosi mmoja wa kunyoosha mkono na kuuliza: "Eti kusoma kwenye kishikwambi kunaharibu macho? Nimwombe mjomba aniletee Kindle?" Swali zuri hilo. Vishikwambi si vitu vigeni tena. Baada ya sensa ya Agosti 2022, serikali iliwagawia walimu vile vilivyotumika kuhesabia watu, kwa hiyo hata kama huna chako, shuleni umeshakiona.

Kwanza tuelewane kuhusu vifaa vyenyewe. Kishikwambi ni kama simu kubwa. Kioo chake kina mwanga wake chenyewe, na mwanga huo unakuja moja kwa moja machoni mwako. Kindle ni jina la bidhaa ya kampuni moja tu, Amazon, iliyoanza kuiuza mwaka 2007. Zipo na nyingine, kama Kobo, lakini watu wengi wanaziita zote Kindle, basi na mimi nitafanya hivyo hivyo. Hii imetengenezwa kwa kazi moja, kusomea vitabu.

Tofauti kubwa iko kwenye kioo. Kioo cha Kindle hutumia wino wa kielektroniki. Ndani yake kuna vidonge vidogo mno, upana wake kama wa unywele, na kila kimoja kina chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, chembe nyeusi hupanda juu pale penye herufi, na nyeupe hupanda pale palipo patupu. Zikishapanda zinatulia hapo hapo, umeme hauhitajiki tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo maana chaji ya Kindle inaweza kwenda wiki kadhaa, wakati kishikwambi ukikitumia mfululizo kinakata baada ya saa kumi hivi. Kwa aliyezoea umeme wa kukatika-katika, hilo si jambo dogo. Halafu kaa nacho juani uone: kishikwambi kinageuka kioo cha kujitazamia sura, lakini Kindle ndiyo kwanza inasomeka vizuri, kama karatasi.

Je, macho yanaharibika?

Hapana. Chama cha madaktari wa macho wa Marekani kinasema hakuna ushahidi kwamba mwanga wa bluu wa vioo hivi unaharibu macho. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 17 kuhusu ile miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, wakaona haielekei kupunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Kwa hiyo anayekuuzia miwani hiyo kwa bei ya kuruka, mwache aende zake.

Kuchoka ndiyo macho yanachoka, hilo ni kweli. Lakini sababu yake si miujiza ya teknolojia. Ukikazia macho kioo unapepesa mara chache kuliko kawaida, jicho linakauka, linawasha, linauma. Ukiangalia kitu cha karibu kwa muda mrefu, misuli ya jicho nayo inachoka. Je, Kindle inasaidia hapo? Majaribio hayakubaliani. Moja lililotolewa mwaka 2013 liliona kioo cha kishikwambi kinachosha zaidi kuliko wino wa kielektroniki au karatasi. Jingine la mwaka mmoja kabla halikuona tofauti kubwa. Unachoweza kufanya wewe ni hiki: kila baada ya dakika 20 inua kichwa, tazama kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20, na upepese. Kichwa kikiendelea kukuuma, au ubao darasani huuoni vizuri, nenda ukapimwe macho. Huenda unahitaji miwani ya kweli, na hapo si Kindle wala kishikwambi kitakachokusaidia.

Usingizi ndio penye kesi

Jioni giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba muda wa kulala umekaribia. Mwanga mkali ukiingia machoni wakati huo, mwili unadhani bado ni mchana na homoni inachelewa.

Huko Boston, Marekani, watafiti waliwalaza vijana 12 wenye afya hospitalini kwa wiki mbili hivi. Usiku 5 mfululizo walisoma kwenye kishikwambi kwa saa 4 kabla ya kulala, na usiku 5 wengine walisoma kitabu cha karatasi kwenye mwanga hafifu. Kulala saa nne usiku, kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Matokeo yalitangazwa Desemba 2014. Waliposoma kwenye kishikwambi, melatonini yao ya jioni ilishuka kwa zaidi ya nusu, walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10, na asubuhi waliamka na usingizi zaidi, ingawa saa za kitandani zilikuwa zile zile.

Sasa tusitishane. Watu 12 ni wachache, kishikwambi kiliwekwa mwanga wa juu kabisa, na saa 4 ni nyingi. Ukipunguza mwanga na kusoma nusu saa, hali haiwezi kuwa ile ile. Wala usidhani kila Kindle haina mwanga. Tangu 2012 nyingi zina taa ndogo pembeni zinazomulika ukurasa. Nazo ukiziwasha kwa nguvu ni mwanga tu kama mwingine.

Tena mimi naona dakika 10 si adui mkubwa. Adui mkubwa ni WhatsApp. Unafungua sura ya tatu ya Baiolojia, ujumbe unaingia, unajibu, mtu anatuma video, ukija kushtuka ni saa saba usiku na sura ni ile ile ya tatu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Unayeamka saa kumi na moja kuwahi namba shuleni, hesabu mwenyewe umepata ngapi. Kindle hainogi kwa mambo hayo, na huo kwangu ndio uzuri wake. Lakini huhitaji kununua kifaa kipya kwa ajili hiyo: ukishapakua kitabu, zima data.

Basi nimpigie mjomba?

Subiri kwanza. Unasoma nini? Kama ni riwaya na hadithi, Kindle inafaa sana. Kama ni vitabu vya shule, fikiri tena. Vitabu vya kiada vinavyowekwa kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni kurasa nzima zenye michoro na rangi. Kwenye kioo cha Kindle cha inchi 6 ukurasa unabanwa, maandishi yanakuwa kama mchanga, na mchoro wa moyo uliotenganisha mishipa kwa nyekundu na bluu unatoka kijivu kitupu. Hapo kishikwambi kinashinda. Pia vioo vya Kindle ni dhaifu: Worldreader walipoanza kuwagawia wanafunzi wa Ghana mwaka 2010, kuvunjika kulikuwa tatizo kubwa.

Jambo jingine ambalo watafiti wa Boston hawakulazimika kuliwaza ni koroboi. Kama kwenu hakuna umeme na Kindle yako haina taa, utaisoma kwa mwanga gani? Moshi wa koroboi unawasha macho na kuumiza mapafu, na moto karibu na chandarua ni hatari ya leo leo. Kati ya koroboi na kishikwambi kilichopunguzwa mwanga, chukua kishikwambi. Taa ya sola ni bora kuliko vyote viwili. Na usilale na kifaa chochote kikiwa kwenye chaji chini ya mto, kinapata joto.

Zoezi la wiki hii kwa klabu yenu

Chukua daftari. Usiku tatu soma kwenye kishikwambi au simu kama kawaida yako. Usiku tatu unaofuata zima data kabla ya kufungua kitabu, punguza mwanga, na saa moja ya mwisho soma kitabu cha karatasi. Kila usiku andika kurasa ulizosoma na saa uliyolala. Kila asubuhi andika umeamshwa mara ngapi ndipo ukainuka. Siku ya saba leteni madaftari mlinganishe, na mwenye Kindle aje nayo wenzake waishike.