Somo la Vikundi: Uvimbe Kwenye Titi, Tuanze na Kipimo Gani?



Katika vikundi tunavyotembelea hapa Baba Dogo, kuna maswali ambayo hurudi kila mwaka, hasa mwezi wa Oktoba matangazo ya saratani ya matiti yanapokuwa mengi. Kina mama huuliza: "Twende mamogramu sote?" "Kwani ultrasaundi haitoshi?" "Ni kweli ati ukichomwa sindano kwenye uvimbe ugonjwa husambaa?" Ni maswali mazuri. Pesa za chama ni jasho la mama mboga, mama fua na kibarua wa kiwandani. Haifai zitumike kwa kipimo ambacho hakikuhitajika, halafu zikose wakati wa kipimo kinachohitajika.

Yule mwanamke wa Injili ya Marko, aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Hali hiyo tunaijua. Kwa hiyo katika somo hili tutapima vipimo vyenyewe: kila kimoja kinafanya kazi gani, na kinashindwa wapi.

KISA CHA KUJADILI

Mama mmoja wa miaka 38 aligusa kivimbe kama punje ya hindi kwenye titi lake la kushoto. Hakikuuma. Wenzake kikundini walimchangia, akaenda kupigwa mamogramu katika kliniki fulani ya kulipia. Karatasi ikasema hakuna kitu kibaya kilichoonekana. Kikundi kilifurahi, chai ikapikwa. Nasi tulikuwepo siku hiyo, tukainywa ile chai.

Lakini kivimbe hakikuondoka. Kila aliposhikwa na wasiwasi, mama huyu alitoa ile karatasi akaisoma tena, akatulia. Ikapita miezi minane. Siku moja alimpeleka mtoto kliniki, akamtajia muuguzi. Muuguzi alikishika, akamwuliza swali moja tu: "Mama, hiki walikitoa kipande wakakipima?" Hawakukitoa. Alipotumwa hospitali na kipande kikatolewa, ilikuwa ni saratani. Ametibiwa na leo yuko nasi, lakini matibabu yalikuwa mazito kuliko ambavyo yangekuwa miezi minane kabla.

Kosa halikuwa la mashine peke yake. Ni sisi sote ambao hatukujua kuuliza lile swali la muuguzi. Ndiyo sababu ya somo hili.

KAZI MBILI TOFAUTI

Kwanza tuelewe kwamba vipimo vina kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kumchunguza mtu asiye na dalili yoyote, ili ugonjwa ukiwapo upatikane mapema. Kazi ya pili ni kumpima mtu mwenye dalili, ili ijulikane ana ugonjwa gani.

Fikirieni askari wa getini katika viwanda vyetu hapa Baba Dogo. Jioni wafanyakazi wakitoka, anawatazama wote. Akiona mfuko umevimba, anamsimamisha mwenye mfuko. Je, huyo ni mwizi? Bado hatujui. Labda amebeba unga tu. Lazima mfuko ufunguliwe. Tena askari anaweza kumwachilia mtu ambaye kweli ameficha kitu.

Kushika titi kwa mkono, mamogramu na ultrasaundi ni askari wa getini. Kutoa kipande cha nyama na kukipima maabara, yaani bayopsi, ndiko kufungua mfuko. Mama yetu alikuwa tayari na mfuko uliovimba. Askari alisema "pita", na sisi tukaridhika.

VIPIMO KIMOJA KIMOJA

1. Kujua matiti yako mwenyewe. Hakigharimu kitu. Siku chache baada ya hedhi kwisha, jitazame kwenye kioo, kisha pitisha vidole vitatu polepole titi lote mpaka kwapani. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya mwezi.

Lakini tuseme ukweli. Kule Shanghai, China, kuanzia 1989, wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo walishirikishwa katika utafiti mkubwa. Nusu yao walifundishwa kujipima. Matokeo yaliyotolewa 2002 yalionyesha kwamba waliofundishwa hawakupungukiwa na vifo vya saratani ya matiti kuliko wenzao. Tena walifanyiwa bayopsi nyingi zaidi za uvimbe usio saratani kuliko wenzao. Kwa hiyo kujigusa peke yake si kinga. Faida yake ni kwamba ukiyazoea matiti yako utatambua mara moja likitokea jambo geni. Baada ya hapo, faida hutegemea mwendo wako kwenda kliniki.

2. Mikono ya muuguzi au daktari. Mhudumu aliyefundishwa huyatazama na kuyashika matiti yote mawili na makwapa. Ni dakika chache, na haihitaji mashine wala umeme. Kule Mumbai, India, kuanzia 1998, wanawake zaidi ya 150,000 waliingizwa katika utafiti wa njia hii. Wahudumu wa afya waliofunzwa waliwapima nusu yao kila baada ya miaka miwili. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba waliopimwa waligunduliwa ugonjwa ukiwa bado mdogo. Kwa wale wa miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya matiti vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya miaka 50, vifo havikuonekana kupungua. Hata hivyo, kwa watu wa kipato chetu, njia hii isidharauliwe.

3. Mamogramu. Hii ni eksirei ya titi. Titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa muda mfupi. Linauma kidogo, halafu basi. Uzuri wake ni kwamba huweza kuona saratani ambayo bado ni ndogo mno kuguswa na mkono. Miongozo ya Wizara ya Afya ya mwaka 2018 inaipendekeza kwa wanawake wasio na dalili kuanzia miaka 40.

Ina udhaifu wake. Titi la mwanamke kijana lina nyama nzito, na katika picha nyama hiyo huonekana nyeupe. Uvimbe nao huonekana mweupe. Ni kama kutafuta chembe ya chumvi ndani ya unga. Kwa jumla mamogramu hukosa karibu saratani 1 katika kila 8. Pia huweza kutia hofu ya bure: wengi wanaoitwa tena baada ya picha ya kwanza hukutwa hawana saratani. Na jambo hili ni zito kwetu, kwa sababu wanawake wengi wa Kiafrika huupata ugonjwa huu kabla ya miaka 50.

4. Ultrasaundi. Ni ile mashine inayojulikana kwa kina mama wajawazito. Haitumii mionzi na haiumi. Inafaa sana kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 mwenye uvimbe, kwa maana huonyesha kama ni mfuko wa maji au ni nyama ngumu. Pia humwongoza daktari kulenga sindano mahali panapotakiwa. Lakini haioni zile chembe ndogo za chokaa ambazo mamogramu huziona, na huweza kukosa vitu. Kwa hiyo haichukui nafasi ya mamogramu kwa mama wa miaka 50. Kila moja ina kazi yake, na wakati mwingine daktari hutaka zote mbili.

5. Bayopsi. Hapa ndipo jibu lilipo. Sehemu hufishwa ganzi, sindano nene huingizwa na kutoa vipande vidogo vya nyama, kisha mtaalamu wa maabara huvitazama kwa darubini. Iko pia sindano nyembamba inayofyonza chembechembe tu. Hiyo husaidia, lakini sindano nene hueleza zaidi: kama ni saratani, ni ya aina gani, na kama inalishwa na homoni. Bila habari hizo daktari hawezi kuchagua dawa vizuri.

Ile hofu kwamba sindano husambaza saratani haina msingi. Kinachoipa saratani nafasi ya kusambaa ni kukaa nayo. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

VISIVYO KIPIMO

Huletwa mtaani mashine ambazo unashika kifimbo mkononi na kuambiwa magonjwa yako yote. Ziko pia kamera za kupima joto la titi. Hizi zisikuambie una saratani, wala zisikuambie huna. Vilevile hakuna kipimo cha kawaida cha damu cha kutafuta saratani ya titi kwa mtu asiye na dalili. Tusichange pesa kwa mambo hayo.

MWENYE DALILI ASINGOJE OKTOBA

Dalili ni hizi: uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, hata usipouma, ngozi iliyovutwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, chuchu kutoa damu, kidonda kisichopona. Akina baba nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache, karibu 1 katika wagonjwa 100.

Tusitishane. Uvimbe mwingi si saratani. Lakini mwenyewe huwezi kujua kwa kuutazama, wala jirani hawezi, wala sisi hatuwezi.

Aliye na dalili aanze katika kituo cha afya kilicho karibu, kama cha hapa Baba Dogo, aombe apimwe kwa mkono na apewe barua ya rufaa. Kutoka hapo anaweza kutumwa Mama Lucy Kibaki, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa. Kila anapofika akumbuke vitu vitatu: kushikwa kwa mkono, picha, na sindano. Kimoja kikisema "safi" huku uvimbe bado upo, aulize kwa heshima: "Daktari, tunajuaje bila kutoa kipande?" Daktari akieleza sababu nzuri, kwa mfano kwamba ni mfuko wa maji tu, sawa. Lakini swali liulizwe.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kituoni na dalili mpaka ajue ana nini, zisipite siku 60. Siku hizo tunaweza kuzihesabu wenyewe kwenye kalenda.

PESA ZA KIKUNDI

Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake karibu 6,800 nchini Kenya walipata saratani ya matiti, na karibu 3,100 waliaga dunia kwa ajili yake. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, wengi hupona. Kwa hiyo tunashauri pesa zipangwe kwa utaratibu huu.

Kwanza, mwenye dalili: nauli, picha na bayopsi, mpaka jibu lipatikane. Pili, kila mwanachama ashikwe na mhudumu aliyefundishwa. Alikeni muuguzi siku ya mkutano. Tatu, pesa zikibaki, mamogramu kwa wenye miaka 40 na zaidi, na kwa wale ambao mama au dada yao aliugua. Hao wa familia wamwulize daktari kama waanze mapema zaidi. Msianze na la tatu kwa sababu tu kuna punguzo la Oktoba.

Kabla ya kulipa, ulizeni bei mahali pawili au patatu, maana hutofautiana. Kila mtu ajiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024, na aulize hospitalini ni nini kinacholipiwa kabla hajatoa pesa mfukoni.

Na jambo la mwisho: siri. Titi la mwenzetu si habari ya kibandani. Katibu akiandika tarehe za kliniki za mwanachama, iwe kwa ruhusa yake. Asiyeaminiwa na wenzake hataambiwa mpaka kidonda kinuke.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kile kisa, ni wakati gani kikundi kingeweza kusaidia zaidi? Mngeuliza nini kabla ya kupika chai?

2. Chama kina wanachama 20 na Sh. 30,000. Wengine wanataka mamogramu ya wote. Mmoja wa miaka 34 ana kivimbe cha miezi mitatu na anaona haya kusema mbele ya watu. Mtaamuaje? Atawezaje kusema?

3. Mume anakataa mkewe asichomwe sindano. Nani katika jumuiya yetu anaweza kuzungumza naye, na amwambie nini?

AZIMIO: Kabla ya mkutano ujao, chagueni kina mama wawili wanaoaminika, ambao mwanachama yeyote anaweza kuwaendea kwa siri na kusindikizwa nao kliniki. Andikeni majina yao katika kitabu cha kikundi. Yule mama wa kisa chetu amekubali kuwa mmoja wao katika kikundi chake.

Mungu awabariki, na awape moyo wa kuuliza.