Mwakilishi Wadi Anapotoa Ripoti: Mkazi Asikilize Nini?

Ripoti ya mwakilishi wadi kwa wakazi aghalabu hutolewa uwanjani, chini ya hema, kipaza sauti kikipita mkono kwa mkono. Barabara fulani imechongwa, zahanati imejengwa, wanafunzi wamepata basari, kisima kitachimbwa hivi karibuni. Watu hupiga makofi au huguna, kisha hutawanyika. Wengi huondoka bila kujua ni lipi kati ya hayo limekamilika, lipi limetengewa pesa, na lipi ni nia njema tu.

Ripoti hiyo si hisani. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na waliomchagua, ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti, na afikishe maoni yao humo. Kifungu hichohicho kinaweka mpaka ambao wakazi wengi, na baadhi ya waheshimiwa wenyewe, hupenda kuusahau. Mwakilishi haruhusiwi kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya pembeni, na kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya gavana. Anayechunguza hawezi tena kuwa ndiye anayegawa zabuni au kumwelekeza dereva wa greda.

Ndiyo maana maneno "nimewajengea zahanati" yanahitaji kusikilizwa kwa makini. Aliyejenga ni idara ya afya ya kaunti, kwa pesa za walipa ushuru. Mwakilishi anaweza kujivunia, na ana haki ya kufanya hivyo, kwamba aliupigania mradi ukaingia kwenye bajeti na akauulizia bungeni ulipokwama.

Zahanati yenyewe inafaa kudadisiwa zaidi. Chukua mfano wa wadi ambako jengo limepakwa rangi na mabati yanang'aa, lakini mlangoni kuna kufuli mwaka wa pili sasa. Mwakilishi akisema imejengwa, hadanganyi. Tatizo ni kwamba bajeti ya kaunti ina mafungu mawili yasiyofanana: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Saruji, mbao na malipo ya mwanakandarasi hutoka kwenye maendeleo, ambako Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka kuelekezwe angalau asilimia 30 ya bajeti katika kipindi cha muda wa kati. Mishahara ya wauguzi, dawa na bili ya umeme hutoka kwenye matumizi ya kawaida. Huko kuna kizuizi kingine: kanuni za mwaka 2015 zinasema gharama ya mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kwa hiyo kaunti inaweza kuwa na pesa za kujenga zahanati na isiwe na nafasi ya kumwajiri mtu wa kuifungua. Hata nafasi ikiwepo, muuguzi haajiriwi na mwakilishi. Huajiriwa kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Mama mwenye mtoto mgonjwa akikuta kufuli, hana haja na mgawanyo wa mafungu. Lakini mgawanyo huo ndio unaompa swali la kuuliza barazani: je, katika makadirio ya mwaka huu kuna pesa za wauguzi na dawa za kituo hiki? Swali hilo lingefaa zaidi likiulizwa kabla msingi haujachimbwa.

Hapo ndipo kalenda inapoingia, nayo wengi huijua ikiwa imeshawapita. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Hata hivyo, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaotaja miradi inayokusudiwa, hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka unaotangulia, yaani miezi 10 kabla. Kufikia Februari 28 huwasilishwa waraka wa mikakati ya fedha, ambao huweka kikomo cha pesa za kila idara. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30, na bunge huyapitisha kabla ya Juni 30.

Vikao vya kukusanya maoni kuhusu makadirio ndivyo hujaza watu zaidi, na kwa kweli ndivyo vilivyobakiwa na nafasi finyu zaidi. Kanuni zilezile za mwaka 2015 zinalizuia bunge kuongeza au kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Mkazi anayekuja Mei na ombi jipya la barabara anaomba pesa zilizokwisha kugawanywa. Mara nyingi lililobaki ni kuuondoa mradi wa kijiji kimoja ili wa kijiji kingine uingie, na majirani hugombana kwa jambo ambalo lingeamuliwa kwa utulivu Agosti au Januari. Ripoti ya mwakilishi ikitolewa Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani, bado muda upo wa kufikisha hoja kabla ya Februari.

Kuna pia malalamiko yanayopelekwa kwa mtu asiyehusika. Jedwali la Nne la Katiba linaweka polisi, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu za kitaifa chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti inashughulikia zahanati na hospitali zake, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, maji na barabara za kaunti. Mwakilishi anayeahidi kituo cha polisi anaahidi kitu kisicho mkononi mwa bunge lake.

Baada ya kumsikiliza, mkazi anaweza kulinganisha ripoti na karatasi. Neno "imetengewa" halina maana sawa na "imelipwa", kwani mradi unaweza kuwemo kwenye bajeti hadi mwaka ukaisha bila mwanakandarasi kuonekana. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinazotolewa kila robo mwaka, huonyesha kaunti ilitumia kiasi gani. Kuhusu mradi mmojammoja, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi husika inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Barua fupi inayotaja jina la mradi, wadi na mwaka wa fedha inatosha.

Jibu lisiporidhisha, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwenye bunge la kaunti kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Ombi hilo halihitaji kibali cha mwakilishi, ingawa akikubali kulisukuma huenda mbali zaidi. Na siku linapojadiliwa, wakazi wanaweza kwenda kuketi kwenye roshani ya wageni na kusikia wenyewe. Kifungu cha 196 cha Katiba hakiruhusu bunge la kaunti kuwafungia wananchi nje ya kikao, isipokuwa katika hali ya kipekee ambayo Spika ameona ina sababu za haki.