SOMO LA AFYA NA FIZIKI: KUTOSHA JINO PAMOJA NA MUZIZI WAKE



Wengi kati yetu wanaogopa munganga wa meno kuliko Examen d'État. Mutu anaacha jino lioze mwaka muzima, kisha anaenda kwa jirani mwenye pinse ya kukatia waya. Somo hili linaeleza sababu gani pinse ile inavunja jino, na namna gani chombo cha munganga kinafanya kazi polepole.

1. Muzizi. Tunaona sehemu ndogo tu ya jino. Muzizi umefichwa mu mufupa wa taya, unashikwa na nyuzi ndogo ndogo nyingi. Meno ya mbele yako na muzizi mumoja. Magego ya chini kwa kawaida yako na miwili. Ya juu mitatu, miwili upande wa shavu na mumoja upande wa ndani.

2. Chombo. Zamani kule Ulaya walitumia ufunguo wa meno. Walizungusha jino kama mutu anayefungua mulango, na mara nyingi jino ao hata taya lilivunjika. Karibu na mwaka 1840, mu London, munganga John Tomes na fundi Evrard walitengeneza pinse yenye midomo inayofuata umbo la jino. Kwa Kifaransa inaitwa davier. Ya magego ya juu ina ncha upande wa shavu, ipate kuingia kati ya mizizi miwili. Kwa hiyo ya kuume na ya kushoto si moja. Ya kutosha mizizi iliyobaki ina midomo myembamba, inayoteremka chini ya fizi.

3. Fiziki. Kumbukeni somo la levier. Tuseme toka mukono mpaka egemeo ni sm 10, toka egemeo mpaka midomo sm 2. Mukono ukikamata kwa newton 50, midomo inakamata kwa newton 250. Basi nguvu si shida! Pinse ya waya inagusa jino pahali padogo tu, tena juu ya fizi. Nguvu zote zinakusanyika pale, jino linapasuka, muzizi unabaki ndani.

4. Kazi yenyewe. Kwanza sindano ya ganzi. Lidokaini, iliyotengenezwa na Löfgren wa Uswidi mu 1943, ingali inatumika. Kisha munganga anaachanisha fizi na jino, anasukuma midomo ya davier kufuata muzizi. Ndiyo, anasukuma, havuti! Halafu anatikisa polepole upande wa shavu na upande wa ulimi. Mufupa unapanuka kidogo, nyuzi zinakatika. Jino la mbele la juu, lenye muzizi wa mviringo, linaweza kuzungushwa, gego hapana. Kuvuta ni mwisho kabisa. Kisha anaangalia kama mizizi yote imetoka.

5. Mujiangalie. Chombo kisichosafishwa vizuri kinaweza kupitisha hepatiti B na ukimwi. Mu hopitali kinawekwa ndani ya muvuke wenye kukandamizwa, digri 121. Kukipangusa kwa kitambaa haitoshi. Kisha kutosha jino, uma kitambaa safi nusu saa. Usisukutue siku ile, juu damu iliyoganda inafunika kidonda. Kesho yake tumia maji ya moto kidogo na chumvi. Lakini mutu akivimba chini ya kidevu, akishindwa kumeza ao kupumua, apelekwe hopitali mara moja, hata ni usiku. Ugonjwa ule unaweza kuziba koo na kumuua.

Kwa hiyo, mwenzako akishika shavu mu kalasi, usimucheke. Umwambie mwalimu, aende kwa munganga jino lingali zima la kushikika.

MAULIZO
a) Gego la juu liko na mizizi mingapi?
b) Sababu gani munganga anasukuma mbele ya kuvuta?
c) Egemeo likiwa sm 12 toka mukono na sm 2 toka midomo, newton 50 zinakuwa ngapi?