Corey Cunningham Mbele ya Kitubio



Huenda msomaji akashangaa kukuta filamu ya mauaji katika kurasa hizi. Simhimizi mtu kuitazama. Ina damu nyingi na si ya watoto. Lakini ndani yake mna kesi ya maadili ambayo jandokasisi atafaidika kuipima kabla hajaketi kwenye kiti cha kitubio.

Filamu ya kwanza ya Halloween, ya John Carpenter, ilitoka Marekani mwaka 1978. Jina hilo linatokana na mkesha wa Sherehe ya Watakatifu Wote, ingawa watakatifu wenyewe hawamo. Muuaji wake, Michael Myers, huvaa kinyago cheupe, na daktari wake humwona kuwa uovu mtupu. Mtakatifu Augustino angemsahihisha daktari: uovu ni upungufu wa wema, na hakuna kiumbe kilicho kiovu kwa asili yake.

Halloween Ends ya mwaka 2022, iliyoongozwa na David Gordon Green, ni ya 13 katika mfululizo huo. Wengi waliilalamikia kwamba Michael haonekani vya kutosha. Kwangu mimi hapo ndipo penye somo.

Habari inamhusu Corey, kijana wa Haddonfield, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois. Mwaka 2019 aliachiwa mtoto amwangalie wazazi walipotoka. Mtoto akamfungia chumba cha darini kwa mzaha. Corey aliingiwa na hofu, akaupiga mlango teke. Mlango ukamgonga mtoto, akaanguka kutoka juu ya ngazi mpaka chini, akafa. Wazazi ndio kwanza walikuwa wanaingia.

Katekisimu (na. 1857) inataja masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa ya makusudi. Jambo zito lipo. Lakini kifo kile Corey hakukitaka. Alitaka kutoka tu. Labda tumuulize juu ya hasira yake, basi. Dhambi ya kuua hana.

Sheria ilimwachia, mji haukumwachia. Miaka mitatu baadaye bado anaitwa muuaji, na vijana wenzake wanamwangusha kutoka darajani. Katika mtaro wa maji machafu anakutana na Michael, na akitoka humo anaanza kuua kweli. Sasa masharti yote matatu yametimia. Ukatili wa majirani unaeleza alikopitia, haumfutii hatia. Kaini naye alionywa kabla hajamwua nduguye (Mwanzo 4).

Mwishoni Michael anauawa. Wakazi wanausindikiza mwili wake juu ya gari, kwa maandamano ya usiku, hadi yadi ya vyuma chakavu, nao unatupwa katika mashine ya kusagia. Nilikumbuka yule mbuzi wa Walawi 16, aliyebebeshwa dhambi za watu wote akapelekwa jangwani. Ila Haroni aliziungama kwanza dhambi hizo. Haddonfield hakuna aliyeungama lolote juu ya Corey.

Swali la darasani: Corey anakuja kuungama kabla ya siku ile ya darajani, anasema, "Padre, nimeua mtoto." Utamjibuje? Frateri atakayesema upesi, "Hiyo si dhambi, nenda kwa amani," atakuwa amesema kweli. Lakini nje ya mlango wa kanisa mji unamsubiri, na baadhi yao ni wanajumuiya wako.