Maji ya Mfereji: Tuyanywe Vivi Hivi au Tuyachemshe?

SOMO LA WANACHAMA



Somo letu la safari hii si la miche wala la majamvi. Limetokana na suali la mwanachama mwenzetu mmoja wa Pemba. Binti yake ameolewa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na juzi amejifungua mtoto wa kwanza. Bibi mtu anajitayarisha kwenda kumwona mjukuu. Katika mazungumzo yao ya simu binti akamwambia: "Mama, huku hatujisumbui kuchemsha maji. Tuna bomba uani, na maji yenyewe ni ya ziwa, meupe. Ukiyatia katika gilasi waona mpaka chini." Bibi akatuuliza: je, ni kweli kwamba maji ya namna hiyo hayana haja ya kuchemshwa?

Suali hili si la bibi huyu peke yake. Mfereji wa kwetu, na bomba kama wasemavyo wenzetu wa bara, ni kitu kimoja, na sote twanywa humo. Tutaanza na khabari za huko ziwani, kwani zina mafunzo makubwa, kisha tutarudi nyumbani.

1. MAJI MEUPE SI LAZIMA YAWE SAFI

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kiasi cha kilomita 670, na mahali penye kina kikubwa hufika karibu mita 1,470. Katika maziwa yote ya duniani, ni ziwa Baikal tu la Urusi lililolishinda kwa kina. Wazee wetu walilijua zamani: misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikifika Ujiji, na Tippu Tip, aliyekuwa na mashamba ya karafuu hapa Unguja, alizikanyaga njia hizo. Maji ya katikati ya ziwa ni maangavu kweli kweli. Binti hakusema uwongo.

Lakini mtu hatii ndoo yake katikati ya ziwa. Huitia ukingoni. Na ukingoni ndiko watu waogako, wafuako, waoshako masufuria na kuegesha mashua zao. Na mvua ikinyesha, uchafu wa vilimani huteremka papo hapo. Vidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu ni vidogo mno, jicho halivioni. Maelfu yao hukaa ndani ya gilasi moja, na gilasi ikaendelea kung'ara.

Wala ulimi hauna habari navyo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho mjini London. Daktari mmoja, John Snow, akafuatilia nyumba za waliokufa, akaona wengi wao walikunywa maji ya pampu moja iliyokuwako Broad Street. Lakini mjane mmoja alikufa mbali na mtaa ule. Snow alipouliza, aliambiwa kuwa mama yule aliwahi kukaa Soho, na kwa jinsi alivyoyapenda maji ya pampu ile akawa akiletewa mpaka kwake. Maji yale matamu ndiyo yaliyomwua.

2. YALIYOTOKEA KAGUNGA

Tusidhani ya London ni mambo ya kale na ya mbali. Mwezi wa Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha Mkoa wa Kigoma kilicho ukingoni mwa ziwa, karibu na mpaka. Nyuma yake ni milima, mbele yake ni maji, na njia kubwa ya kutoka wakati huo ilikuwa ni chombo. Watu wakajazana pale pasipo vyoo vya kutosha, na maji ya kunywa wakateka ziwani. Kipindupindu kikazuka. Kabla mwezi haujaisha waliougua walifika kiasi cha 3,000, na waliofariki walipita 30. Miongoni mwao wamo pia wenyeji wa Tanzania. Meli kongwe Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachukua watu kutoka Kagunga kuwapeleka Kigoma.

Ziwa lilikuwa lile lile lenye kina cha ajabu, na maji yalikuwa yale yale meupe. Na mwaka ule ule, 2015, mpaka 2016, sisi wenyewe tulikiona kipindupindu visiwani kwetu. Basi asiwepo wa kumcheka mwenziwe.

3. SAFARI YA MAJI NI KAMA SAFARI YA KARAFUU

Binti atasema: "Lakini mimi siteki ukingoni, nina bomba." Vyema. Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Kila mkulima ajua kwamba karafuu ikiwa mtini haina kosa. Huharibika njiani: imekaa gunia zima usiku bila ya kuchambuliwa, imeanikwa kwenye jamvi chafu, imepigwa na mvua, imetiwa ghalani haijakauka. Mnunuzi akiikataa, haulaumiwi mkarafuu. Na maji hali kadhalika. Yana safari yake tangu yanapotoka mpaka yanapofika kinywani, na yaweza kuharibika katika kila kituo.

Kituo cha kwanza ni mtamboni. Mamlaka ya maji ya Kigoma na Ujiji huvuta maji ziwani kwa pampu. Dawa iuayo vidudu katika mitambo ya maji ni klorini, ile iletayo harufu kidogo ambayo wengi hawaipendi. Tujue kuwa harufu hiyo ni ya mlinzi. Lakini ziwa hili lina tabia yake: maji yake yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole kuliko kawaida, hutaka kupewa muda zaidi. Tena maji yakiwa na tope, klorini humalizikia kwenye tope kabla ya kuvifikia vidudu.

Kituo cha pili ni bomba lenyewe. Maji yanapokwenda kwa nguvu, penye ufa hutoka nje. Yanapokatika, bomba huwa tupu, na ufa ule ule huvuta ndani maji machafu ya mtaroni na ya karibu na vyoo. Maji yakirudi, huja pamoja na mgeni huyo. Ndiyo maana maji ya kwanza baada ya mfereji kukauka si ya kunywa. Yaachiwe yamwagike kwa kufulia na kudekia mpaka yatakate, na hayo yatakayofuata yachemshwe.

Kituo cha tatu ni nyumbani: tangi lisilo na kifuniko, ndoo iliyoogeshea mtoto, mtungi mpana ambao kila apitaye hutumbukiza kikombe na vidole vyake. Maji yaliyofika salama mpaka mlangoni huharibiwa na mkono wa mwenye nyumba.

4. MFEREJI UKIKAUKA

Sasa asije mtu akasema: "Kumbe mfereji hauna faida, tuuache." Huo ni upotevu. Mjini Uvira, ng'ambo ya ziwa katika nchi ya Kongo, wataalamu walichukua hesabu za maji yaliyotolewa mjini kila siku tangu 2009 mpaka 2014, wakazilinganisha na hesabu za walioingizwa kituoni wakidhaniwa kuwa na kipindupindu. Matokeo yakatangazwa 2015. Waliona kwamba ikipita siku moja bila ya maji ya mfereji, basi katika siku 12 zilizofuata wagonjwa waliongezeka, kwa wastani, zaidi ya mara mbili kuliko baada ya siku ya maji ya kutosha.

Sababu yake haina uchawi. Mfereji ukikauka, watu hushika ndoo kwenda ziwani au visimani; na maji yanapokuwa machache, mikono haioshwi. Kwa hiyo hatari kubwa hukaa katika siku za ukame wa mfereji. Nyumba yenye akili huweka akiba ya maji yaliyokwisha kusafishwa, ya kutosha siku mbili tatu, ili siku hiyo ikifika mtoto asitumwe ukingoni.

5. NJIA ZA KUYASAFISHA

(a) Kuchemsha. Hii ndiyo njia ya yakini. Maji yatokote hasa, yarukeruke kwa dakika moja nzima. Kutoa moshi tu hakutoshi. Yakiwa na tope, kwanza yaachwe yatuame na yachujwe kwa kitambaa safi. Yakisha chemka yapoe katika sufuria ile ile, imefunikwa. Ukiyamimina katika chombo kichafu, kuni zako zimepotea bure, kwani moto huua vidudu vilivyomo lakini hauwekei maji ulinzi wa baadaye.

(b) Vidonge vya klorini. Makaa ni ghali, na si kila mtu aweza kuchemsha maji ya watu kumi. Kidonge hutiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake, na kwa kawaida hungojwa nusu saa. Faida yake ni kwamba dawa hubaki ikiyalinda maji. Kwa maji ya tope au ya magadi, uliza kwa wataalamu wa afya kipimo na muda unaofaa.

(c) Jua. Chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, hujazwa maji yasiyo na tope ikalazwa juani saa sita. Kukiwa na mawingu mengi, siku mbili.

Yakisha safishwa, yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba, au chenye koki na kifuniko. Kama ni mtungi, itumike kata yenye mpini mrefu, na kata hiyo isilazwe chini.

6. MAMBO YASIYOTOSHA

Kufukiza mtungi kwa ubani ni ada nzuri, na maji yake hunukia. Lakini hayo ni manukato, si usalama.

Na sisi wakulima wa karafuu tuseme kweli juu ya bidhaa yetu. Mafuta ya karafuu yana nguvu ya kuua baadhi ya vidudu, ndiyo maana hutumiwa na waganga wa meno. Lakini punje tano za karafuu ndani ya mtungi haziyafanyi maji machafu kuwa safi. Tuuze karafuu, tusiuze uwongo.

Barafu nayo haiui vidudu. Ikiwa imetengenezwa kwa maji yasiyochemshwa, ni yale yale maji yasiyochemshwa yaliyovaa nguo ngumu.

Tena, kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi mtu na kichocho. Kichocho huingia kwa kupenya ngozi ya mtu aliyekanyaga au kuoga katika maji yenye konokono wake, na kandokando ya Ziwa Tanganyika kipo, kama kilivyopo katika mito yetu ya Pemba na Unguja.

7. MTU AKIPATWA

Mwenye kuharisha kwa wingi hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini, na kwa kipindupindu huweza kuwa ni jambo la saa chache. Apelekwe hospitali upesi, na njiani aendelee kunyweshwa maji ya chumvi maalumu ya paketi. Yasipopatikana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi.

JIBU LETU KWA BIBI

Basi, Bibi, jibu ni hili. Bomba la Ujiji ni bora mara nyingi kuliko ndoo ya ukingoni, na binti ashukuru kuwa nalo. Lakini maadamu hajui hali ya dawa, ya bomba na ya tangi kwa siku ile, maji ya kunywa ayachemshe au ayatie dawa, ayafunike vizuri, na siku ya kukatika awe na akiba. Na wewe ufanye hivyo hivyo ukirudi Pemba.

Ama huyo mjukuu uliyemkusudia safari, yeye hana haja ya maji yoyote, si ya bomba wala yaliyochemshwa. Mpaka atimize miezi sita, maziwa ya mama yake yamtosha kwa chakula na kwa kinywaji, hata wakati wa joto. Twajua mazoea yetu kina bibi na kina babu: mtoto akilia, twasema ana kiu, twamwonjesha kijiko. Kijiko hicho ndicho kimfunguliacho mlango adui. Na akiharisha mtoto mchanga, asingojwe mpaka kesho. Nenda salama, Bibi, umbebe mjukuu wako, na kijiko ukiache jikoni.

MASUALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Maji ya kwako hupita vituo vingapi tangu yatokako mpaka kinywani? Ni kipi kilicho dhaifu?
2. Mfereji ukikauka siku tatu, nyumba yako itakunywa nini?
3. Msimu wa kuchuma, wachumaji wako hunywa maji gani shambani, na kwa chombo gani? Nani mwenye jukumu la kuyachemsha?
4. Kwa nini watu wa Uvira waliugua zaidi baada ya siku ya mfereji kukauka?

Kila tawi na lizungumze masuali haya katika mkutano wake kabla ya msimu kuanza, na lile la tatu lisiachwe bila ya kupatiwa jawabu.